Zamu ya Saa Nane

Mama alikuwa amekwisha kugeuzwa. Kinyozi alisimama mlangoni akihema, amechelewa saa nzima, akamkuta amelazwa ubavu wa kushoto, uso ukutani, mto katikati ya magoti. Kwenye karatasi ya zamu iliyobandikwa mlangoni, saa nane mchana ilikwisha kutiwa alama ya vema.

Tangu apigwe na kiharusi, mama hakuweza kusema wala kujigeuza. Daktari alikuwa ameonya: asipogeuzwa kila baada ya saa mbili atapata vidonda vya kulalia, na hivyo ndivyo vitakavyommaliza. Basi watoto wake wawili wakagawana. Dada mtu, fundi cherehani, alikuwa na usiku na asubuhi. Mchana alishonea barazani, na zamu zilikuwa za mdogo wake kinyozi, aliyepitia mlango wa uani.

Jioni ile dada akamwambia, "Ahsante, mdogo wangu. Siku hizi unamlaza Mama vizuri kunishinda."

Kinyozi hakuwa amemgusa. Alidhani dada kamgeuza mwenyewe akasahau kwa uchovu, akaona haya kukana.

"Kwani ulidhani najua kunyoa tu?"

"Hata kunyoa sijaona kama unajua."

Wakacheka. Kesho yake kinyozi hakwenda. Keshokutwa pia hakwenda, na kila jioni alama zilikuwepo, na kila jioni alipokea ahsante.

Ila mama alikuwa anapungua. Dada alipomnyanyua kumwogesha, alimwona mwepesi kama shuka lililokauka kambani, na chumba kilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

Siku ya tisa, dada akiwa anapinda marinda, alisikia kitanda kikilia ndani.

"Taratibu," akasema kupitia dirishani, bila kuinua kichwa. "Mgongo umechubuka."

Kitanda kikalia taratibu.

Alipoinua macho, alimwona mdogo wake barabarani, anakuja na aproni yake ya kazi.

"Nani yuko na Mama?" akanong'ona.

"Si wewe?"

Wakaingia wameshikana mikono kama watoto, na kutoka mlangoni wakaona shuka likibonyea palepale ambapo viganja vingeshika, begani na nyongani, wakaona mama yao akinyanyuka kidogo na kuzungushwa kwa upole, bila mtu, na kichwa chake kikitegemezwa kisianguke, na harufu ya udongo ikawajia nzito hata dada akaziba mdomo wa mdogo wake asije akapiga kelele.

Mganga waliyemwita, mwanamke mzee asiyependa maneno mengi, alinusa hewa ya chumba kisha akauliza, "Nani alipokea shukrani za kazi yake?"

Kinyozi akainamisha kichwa. "Mimi, bibi."

"Basi ulimwachia zamu yako. Na ujira wake anauchukua mwilini mwa mama yako. Mwambie ulichokiacha, kisha umgeuze mwenyewe. Asipoondoka leo, mama hafiki Jumapili."

Kinyozi akasogea kitandani. "Siku tisa sikumgusa. Nilikuwa nakaa kazini hata wateja wakiwa hawapo. Naogopa, Mama. Naogopa mwili wako ulivyo sasa." Akamshika bega na nyonga, akavuta, na upande wa pili kitu kikavuta pia, kwa nguvu za mtu asiyetaka kunyang'anywa, mpaka dada akaja akaongeza mikono yake, wakavuta wote wawili wakilia, na ghafla mama akawa mzito, mzito wa kweli, akawaangukia kifuani. Harufu ikakatika.

"Amekwenda," akasema mganga.

Dada akambusu mama kwenye paji la uso. Ndipo mama, ambaye kwa miezi mitatu hakuwa ametamka neno, akafungua upande mmoja wa mdomo.

"Mwiteni," akasema. "Yeye haogopi kunishika."

Hakuna aliyemwita. Lakini chini ya kitanda sauti ya kiume, ya upole, ikaitika:

"Naam, Mama."