Mstari Kwenye Tope

Jumatatu saa mbili asubuhi, Sweta alifungua chumba cha baridi cha maabara akakuta rafu ya saba tupu. Sweta ndiye fundi wa chumba hicho, na jina hilo alipewa kwa sababu havui sweta lake hata jua likiwa la utosi. Alitazama rafu, akatazama chini ya rafu, kisha akapiga yowe kama mtu aliyefiwa.

Na kilichoibwa kilikuwa tope. Tope lililovutwa kwa bomba na meli kutoka chini ya bahari ya mbali, likapasuliwa kwa urefu kama mua, likalazwa rafuni nusu mbili: moja ya kukatwa kwa vipimo, nyingine ya akiba isiyoguswa na mtu. Mwizi alibeba zote mbili.

Inspekta aliyeletwa alikuwa mwanamke ambaye wenzake walimwita Kiguu-na-Njia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ametulia mahali. Hata sasa, huku akiuliza maswali, alikuwa akizunguka meza ya maabara mpaka waliokuwa wakimjibu wakaanza kuona kizunguzungu.

"Nani ana ufunguo?"

"Watatu," alisema Profesa, mkuu wa maabara. "Mimi, Sweta, na huyu." Alimwelekezea kidevu mwanafunzi wake, ambaye wenzake walimtania kwa jina la Binti Tope. "Ijumaa tuligombana. Alitaka kukikata tena kipande hicho, nikamkatalia. Leo saa saba wageni wataalamu wanakuja kukikagua, na hakipo. Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta. Kisipopatikana, huyu hana masomo tena hapa."

"Mama, miaka yangu minne imo kwenye kipande hicho," binti alimwambia Inspekta, macho mekundu. "Nikiibe ili nile nini?"

"Hebu nieleze kina nini, mwanangu. Mimi tope nalijua la viatuni tu."

Binti alivuta pumzi. "Tope hutua chini ya bahari chembe kwa chembe. Upana wa kidole ni kama karne nzima. Chini ni kijivu: hiyo ni enzi ya barafu, ina vijiwe vilivyodondoshwa na milima ya barafu ikielea. Juu yake ni hudhurungi: bahari imepata joto, imejaa magamba ya viumbe vidogo. Na hapo zinapokutana rangi mbili, kuna mstari mkali kama wa kisu. Maana yake joto halikuja polepole. Mtu alizaliwa kwenye baridi kali akazeekea kwenye joto. Tasnifu yangu yote imesimama juu ya mstari huo."

Mstari wenyewe ulikuwa ukutani, kwenye picha kubwa kama mlango, Profesa amesimama kando yake anatabasamu. Tarehe iliyoandikwa chini ilikuwa ya mwaka mmoja kabla Binti Tope hajakanyaga maabara ile.

Saa nne, mlinzi wa geti alileta habari ya kumtia Sweta matatani: Jumapili alimwona akitoka na bomba refu kwapani, limefungwa gazeti.

"Lilikuwa bomba la sinki, afande!" Sweta alikuwa akitokwa jasho, sweta na yote. "Sinki la ofisini kwa Profesa liliziba. Alinipigia simu nikiwa nyumbani, mke wangu akanuna mpaka leo. Nikatoa bomba la zamani, nikatia jipya, lile la zamani nikaondoka nalo. Kitu hakitupwi."

"Liliziba na nini?"

"Alisema majani ya chai."

"Kalilete kama lilivyo. Usilioshe."

Kiguu alibaki akizunguka chumba cha baridi, mikono kwapani. Moyo haukutulia. Huruma kwa yule binti alikuwa nayo, lakini huruma haimtoi mtu rumande. Kwenye baadhi ya vipande rafuni aliona sponji zimechomekwa katikati ya tope.

"Hizi za nini?"

"Za mahali tope limekosekana, mama," alisema binti, aliyekuwa amemfuata. "Meli ikiyumba, bomba huvuta maji badala ya tope. Tunajaza pengo kwa sponji ya unene uleule, tope lisije likateleza."

Karibu na mlango, hewa ya moto ilimpuliza Kiguu shingoni. Ilitoka kwenye tundu la mabomba ya mashine, ambalo mtu alikuwa ameliziba kwa sponji. Aliichomoa. Ilikuwa nusu duara, unene wa vidole vinne. Upande mmoja ulikuwa na doa kavu la kijivu, upande wa pili la hudhurungi.

Sweta alirudi akihema na bomba lake. "Hiyo niliiokota mimi kwenye pipa la taka, siku Profesa alipopiga ile picha. Sponji nzima kabisa, kuitupa ni dhambi."

Kiguu alisimama. Hakuzunguka tena. Jioni ile Sweta alimwambia mkewe kwamba hapo ndipo alipoogopa.

Profesa alipoitwa, uchafu wa bomba ulikuwa umemwagwa kwenye sinia, na punje yake iko chini ya hadubini.

"Chungulia, Profesa. Majani yako ya chai yana magamba."

Profesa hakuchungulia.

"Sponji hii iligusa kijivu upande huu na hudhurungi upande huu," aliendelea Kiguu. "Rangi hizo zinakutana kwenye mstari wako tu. Kwa hiyo pale palikuwa na pengo la vidole vinne, yaani karne nne. Ulichomoa sponji, ukasukuma tope mpaka likakutana, ukapiga picha. Binti hakuwepo. Leo wageni wangekipima wakagundua, ukakiosha kipande chote sinkini na kumtupia lawama mtoto wa watu."

"Njia ya mwongo ni fupi," Sweta alinong'ona.

Profesa aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Mstari upo," alisema. "Nilikuwa na hakika upo. Miaka kumi nimeiombea meli ile. Nani angenisikiliza na sponji katikati?"

"Na mimi?" aliuliza Binti Tope. "Miaka minne unaniangalia nikijenga juu ya sponji?"

Alilia. Jina lake lilikuwa safi, na kazi yake ilikuwa imekwenda na maji.

"Lakini," Sweta alijikuna kichwa, "meli si hutumbukiza bomba mara mbili mahali pamoja? Ili la pili lizibe mapengo ya la kwanza? La pili liko rafu ya chini. Halijafunguliwa. Profesa alisema tusijisumbue."

"Usilifungue!" Profesa alimgeukia binti. "Sikiliza. Kipande kimepotea, nimekiri, hupotezi kitu. Andika kwamba kilipotea, wataipokea tasnifu yako. Ukilifungua, na mstari haupo, umekwisha mbele ya watu."

Binti alifuta macho kwa mkono wenye tope. 

"Sweta, lete msumeno. Wageni wakifika, tunakata."

Saa saba na robo bomba lilipasuliwa wageni wakitazama, askari wawili wakiwa wamemshika Profesa mlangoni. Binti alikwangua uso wa tope kwa kisu, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Kijivu. Kijivu na vijiwe. Kijivu. 

Kisha hudhurungi.

Alilaza kidole juu ya mpaka wa rangi. Hapakuwa na pengo, na unene wa mpaka haukufika hata nusu ya kidole, yaani nusu karne. Mgeni mmoja alisahau adabu akapiga kelele.

Mlangoni Profesa alinyoosha shingo, machozi yakimtoka. "Upo? Binti, niambie. Upo?"

Binti Tope alisogea akawa kati yake na meza.

"Utasoma kwenye tasnifu, Profesa," alisema. "Kama watu wengine wote."