Kila Kifaa Chumbani Mwake

Ni kitu gani kilichougusa mkongojo wa Bibi kila alfajiri, kisha kikanyamaza hadi siku ya pili?

Tusekile Mwaipopo, mhandisi wa mitandao katika jiji la Tukuyu, alisimama sebuleni mbele ya kioomawimbi. Kioo hicho, kipana kama mlango, kilionyesha mazungumzo ya vifaa vyote vya nyumba kwa nyuzi za nuru. Taa zilizungumza na mita, friji ikazungumza na duka. Uzi wa kijani ulipeleka hospitalini mapigo ya moyo wa Bibi, yaliyosomwa na mkongojo wake. Lakini uzi mwingine, mwembamba, wa rangi ya chungwa, ulipenya kutoka nje ya ukuta, ukaugusa mkongojo mara moja na kutoweka. Haukuwa na jina. Haukubeba neno lolote.

Msimu ule wadukuzi walikuwa wakiingia majumbani kupitia vitu vya bei rahisi, hata balbu, na kuuza siri za afya za wazee. Baraza la mtaa lilikuwa limemwomba Tusekile abuni kinga, aijaribu kwanza nyumbani kwake, kisha iwashwe Jumatatu katika nyumba zote za mteremko wa mtaa huo.

Kinga yake ilikuwa vyumba-mtandao. Zamani vifaa vyote vilikaa kama watu katika ukumbi mmoja, kila kimoja kikisikia cha mwenzake. Sasa kila ujumbe ulibandikwa namba ya chumba chake, nayo swichi, kifaa kinachoelekeza ujumbe, ikakataa kuupeleka chumba kingine, ingawa waya ulikuwa uleule na hewa ileile. Vifaa vya jikoni vilipewa chumba chao, vya afya chao, na kila kisichojulikana kiliwekwa chumba cha wageni. Katikati alimweka bawabu, programu iliyozuia kila kitu isipokuwa kilichoruhusiwa.

"Umemaliza kuhamisha watu?" Bibi aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Si watu, Bibi. Ni vifaa."

"Na mkongojo wangu umeupeleka wapi?"

"Chumba cha afya. Uko peke yake, hakuna wa kuusumbua."

"Peke yake," Bibi alirudia. "Haya. Usije tu ukauoza bila kuniambia, maana wewe na haraka zako."

Tusekile alicheka, akabonyeza kitufe.

Alfajiri iliyofuata ukungu ulishuka kutoka mlima Rungwe ukafunika ngazi za mtaa. Tusekile alikuwa tayari mbele ya kioo, hakuweza kukaa. Uzi wa chungwa ulitokea, ukagonga kwa bawabu, ukasukumwa chumba cha wageni. Alihisi fahari iliyomfanya atembee huku na huku sebuleni. Hakusikia mlango wa nyuma ukifunguliwa.

Kisha kioo kizima kikawa chekundu. Mkongojo ulikuwa umeripoti anguko.

Mfumo haukukosea hata kidogo. Gari-anga la wagonjwa lilitua kabla Tusekile hajafika kwenye ngazi za mawe zinazotenganisha nyumba yao na ya jirani. Bibi alilala kwenye umande, nyonga imevunjika. Kando yake alipiga magoti jirani yao Bibi Subilaga, mwiko wa uji bado mkononi.

"Bibi, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kwa huyu. Nilijua amekufa."

"Nife niache uji jikoni?" alisema Bibi Subilaga, lakini alikuwa ameushika mkono wa mwenzake kwa nguvu.

Ni yeye aliyeeleza, wakisubiri nje ya chumba cha upasuaji. Tangu walipokuwa wake wachanga, kila asubuhi mmoja alikwenda kwa mwenzake kuomba kaa la moto. Asiyeonekana alifuatwa. Yalipokuja majiko ya sumaku, hapakuwa tena na kaa la kuomba, basi wakamtafuta fundi aliyeliunganisha jiko la Bibi Subilaga na mkongojo wa Bibi. Jiko likiwashwa, mkongojo ulitetemeka mara moja kiganjani.

"Naishi peke yangu, mjukuu wangu. Ndiyo hodi yangu ile."

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwakalobo, alifika na wajumbe wawili wa baraza.

"Pole sana, mwanangu. Lakini kinga imefanya kazi. Mdukuzi hakupita."

"Hapakuwa na mdukuzi, Mzee. Lilikuwa jiko."

"Basi liruhusu hilo jiko moja, kazi ya dakika. Jumatatu tuwashe."

Ilikuwa kweli kazi ya dakika. Tusekile aliitoa simu yake mfukoni, akamwamuru bawabu aruhusu ujumbe wa jiko lile kuufikia mkongojo, na si mwingine. Hata hivyo hakutulia. Kwenye ramani ya mteremko mzima alikuwa ameona nyuzi nyingi za namna ile, zisizo na jina, zikitoka nyumba hadi nyumba kabla ya jua. Katika ripoti yake aliziita uchafu, akaandika kwa furaha kwamba zote zitakatwa.

Alisimama mbele ya wajumbe.

"Jumatatu siwashi," alisema. "Najua wadukuzi wapo, na wakiingia kwa mtu wakati huu nitajibu mimi mbele ya baraza. Lakini nitapita nyumba kwa nyumba, niwaulize wenyewe kila uzi ni wa nani na unasema nini. Mpaka nimalize nyumba ya mwisho, mpango wangu umezimwa."