Kitone Kisichopanda Ngazi

Kila jioni baada ya masomo, Kiroboto alifagia nywele katika saluni ya mama yake. Jina hilo alipewa na mama mwenyewe kwa sababu hakuweza kutulia mahali pamoja, na darasa zima likalidaka. Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, benchi la wateja na feni iliyozunguka ikipenda. Zamani kazi ile ilikuwa raha tupu, kwani rafiki yake Twiga, msichana mrefu kuliko wote darasani, alikuja naye, akakaa kwenye benchi, wakacheka mpaka wateja nao wakacheka.

Siku hizi Twiga haji. Jioni nyingine husema tu, "Leo nina shughuli," akaondoka mbio. Shughuli gani? Hasemi. Na muhula huohuo darasa lilikuwa limepata msichana mpya, waliyemwita Mgeni, mwenye mkoba wa magurudumu na kicheko cha kuvuta watu. Kiroboto alijumlisha moja na moja. Tena siku hizi ukimwita Twiga kutoka nyuma, hageuki! Anapita kama hakujui.

"Ameshapata wa hadhi yake," Kiroboto alinung'unika huku akifagia. Wivu ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki, haumezeki wala hautemeki.

"Unamsema nani?" mama aliuliza bila kuacha kusuka.

"Hakuna mtu."

"Basi huyo Hakuna Mtu umemfagilia vumbi lote miguuni mwa mteja wangu."

Siku moja wakati wa mapumziko, Twiga alimpa simu yake. "Niwekee ule wimbo, mwenzangu. Namba ya siri si unaijua?"

Kiroboto aliijua. Aliweka wimbo, kisha vidole vyake vikaendelea na safari. Akafungua ramani ya simu, akairuhusu ionyeshe mahali Twiga alipo saa zote, na kuelekeza taarifa hizo kwenye simu kuukuu aliyorithi kwa kaka yake.

"Tayari?"

"Tayari."

"Asante. Bila wewe ningekwama."

Asante ile ilimchoma kidogo, lakini hakurudi nyuma. Jioni alijificha nyuma ya mlango wa saluni na kutazama kitone cha buluu kikitambaa kwenye ramani. Kilipita kituo cha mafuta, kikakata kona, kikasimama kwenye jengo la ghorofa lililo karibu na karakana ya samani. Shule nzima ilijua kwamba Mgeni alikaa humo, ghorofa ya tatu. Moyo wa Kiroboto ukawaka. Kumbe ndiyo shughuli yenyewe!

Tangu hapo hakupumzika. Alikitazama kitone akila, akakitazama akisoma, akakitazama kabla ya kulala. Alijua Twiga yuko dukani, alijua amerudi nyumbani. Mara ulimi ukamponyoka. "Vipi, fundi viatu amekutengenezea kiatu chako?"

Twiga akashtuka. "Umejuaje kwamba nilikwenda kwa fundi?"

"Nimebahatisha tu."

Twiga alicheka, ila kicheko hakikumfika machoni. Kuanzia siku hiyo alianza kutembea akigeuka nyuma kila mara, kama mtu anayehisi kufuatwa. Kiroboto aliliona hilo na akajifanya hakuliona.

Kitone kiliposimama tena kwenye lile jengo, aliwaonyesha wasichana wawili wa dawati la mbele. "Twendeni tukamfumanie," alisema. Wenzake walikuwa wapenzi wa vituko, hawakuhitaji kubembelezwa.

Kwenye ngazi walikutana na Mgeni akishuka na ndoo ya takataka.

"Twiga yuko kwenu?" Kiroboto aliuliza kwa ukali.

"Twiga? Kwetu hajawahi kufika. Hata salamu zangu siku hizi haitikii. Nilidhani hanipendi."

Kiroboto aliitazama simu. Kitone kilikuwa palepale, kwenye jengo lilelile. Ramani ilijua jengo tu, haikujua ghorofa. Chini kabisa palikuwa na mlango wenye pazia. Bila kubisha hodi, akalivuta.

Twiga alikuwa ameketi kichwa kikiwa upande, na mama mmoja mwenye koti jeupe, mpimaji wa masikio, alikuwa akimvalisha kifaa kidogo nyuma ya sikio. Ndiyo kwanza kilikuwa kimewashwa.

"Kumbe ni kiziwi!" mmoja wa wale wasichana akaropoka.

Hilo ndilo neno la kwanza Twiga alilolisikia sawasawa baada ya miezi mingi. Aligeuka. Akaona nyuso tatu, kisha akaona simu mkononi mwa Kiroboto, na ile ramani.

"Ndivyo ulivyojua habari za fundi viatu," alisema polepole.

"Tokeni nje," mpimaji akasema. "Hapa mtu huingia akiitwa."

Kesho yake darasa zima lilikuwa na habari, na kiti cha Twiga kilikuwa kitupu. Kiroboto alikaa siku nzima asisikie mwalimu anafundisha nini. Alipofika saluni, alimweleza mama yote huku akilia.

Mama aliweka kitana chini. "Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Namsuka mtoto yule tangu mkiwa wadogo. Miezi hii ya karibuni, nikimsemesha upande wa kushoto, hajibu. Nikamnong'oneza mama yake, basi, yakaishia hapo."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ingekuwa siri yangu, ningekwambia." Mama akamvuta karibu. "Mwanangu, watu wananiinamishia vichwa vyao hapa. Naona makovu, naona mapunye, naona nywele zinazokatika kwa mawazo. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nikianza kuitangaza, nani ataniinamishia tena? Twiga alikupa simu yake kama mteja anavyonipa kichwa. Na wewe umefanya nini?"

Kiroboto akafuta machozi. Wakafunga saluni mapema, wakaenda nyumbani kwa kina Twiga.

Twiga aliwapokea bila tabasamu. Kiroboto akasema mbele ya mama zao wote wawili, "Nilikufuatilia kwenye simu. Nilikuwa na wivu na Mgeni. Nilidhani umeniacha." Akamwonyesha mahali pa kuzima, akaacha Twiga azime mwenyewe na kubadili namba ya siri, naye akageuza uso asiione.

"Nilikuwa nangoja nikizoee kifaa," Twiga alisema. "Halafu ningekwambia. Wewe ndiye ungekuwa wa kwanza. Umeninyang'anya nafasi hiyo."

"Nisamehe, Twiga. Nitakwenda kwa wale wawili, niwaambie..."

"Usiwaambie watu chochote. Nitasema mwenyewe."

Jumamosi Twiga alikuja saluni. Mama alikuwa tayari kumsuka mtindo wa kufunika masikio, lakini Twiga akakataa. "Nisuke za kwenda juu, mama. Wameshasikia, basi na waone."

Mama alisuka, Kiroboto akimpa vitana. Kazi ilipoisha, mama alikigeuza kiti cha Twiga, akawatazama wote wawili. "Nisikilizeni. Simu inaweza kukuonyesha mtu yuko wapi. Haikuonyeshi ana nini, wala haikupi haki ya kujua. Ukitaka kujua habari za rafiki yako, muulize. Asipotaka kusema, ngoja. Na aliyekuamini, usimgeuzie imani yake kuwa kamba ya kumfunga."

Urafiki haukurudi siku moja. Ulirudi kwa vipande, leo salamu, kesho mzaha, keshokutwa kiti kimoja. Jioni moja Twiga alichukua mkoba wake na kuelekea mlangoni mwa darasa, Mgeni akimsubiri nje.

"Unakwenda wapi?" Kiroboto aliuliza.

Twiga alimtazama. "Leo sitaki kusema."

Ule mwiba ukamchoma tena kooni. Kiroboto akaumeza.

"Haya, mwenzangu," alisema. "Nenda salama."