Uzi wa Kivuli cha Yasen

Zdravka, katibu wa Chama cha Historia, alikuwa peke yake ndani ya nyumba ya chama, anaandika jarida la mwezi, aliposikia mdogo wake akikohoa ukutani.

Hakushtuka. Alidhani Yasen yuko chumba cha pili. Kikohozi chake alikijua tangu utotoni, kile cha kukohoa kidogo halafu kusafisha koo kama mtu anayetaka kutoa hotuba, na pale Drenovitsa, kijiji chao cha milimani, hakuna mwingine aliyekohoa vile. Akaendelea na habari zake: paa limeshapigwa vigae, mama Tonka ameleta chombo cha kusukia siagi kilichokuwa cha bibi yake, mjukuu wa mweka hazina anaoa. Halafu ukaja ukurasa wa mwisho, wa kuwakumbuka wanachama waliotangulia. Huo ndio wasomaji huufungua kwanza, maana watu wa milima ile, nimeishi nao nawajua, wanataka kujua nani kafa kabla ya kujua nani kaoa. Yuko katikati ya sifa za marehemu mmoja ndipo akamsikia Yasen akipiga mbinja nje, uani.

Akatoka hadi mlangoni. Yasen alikuwa juani anapanga kuni, jasho linamtoka.

"We Yasen, ulikuwa ndani sasa hivi?"

"Ndani nikafanye nini, dada? Nikusaidie kuwasifia wafu?" Akacheka mwenyewe. "Mwandike vizuri huyo Stoil. Alikuwa mwizi wa kuku, lakini mwandike vizuri."

Zdravka akacheka pia, akarudi mezani. Chumba kilinuka chokaa mbichi, harufu ile ya siku fundi anapaka ukuta. Chokaa ya kuta za chumba kile ilikuwa imekauka tangu majira ya kuchipua. Alifungua madirisha yote, harufu haikutoka.

Ngoja nirudi nyuma nieleze ilivyokuwa. Nyumba ile ilikuwa gofu la mawe, na chama kiliihangaikia miaka mingi hadi ikasimama tena. Likabaki jiwe moja la pembeni, na siku ya kuliweka, majuma mawili kabla ya kikohozi kile, wakataka iwe sherehe. Sasa, waashi wa zamani wa huko walikuwa na desturi yao. Kabla ya kufunga pembe ya jengo, humvizia mtu anayepita njia, wakapima kivuli chake kwa uzi bila yeye kujua, na uzi huo ukafukiwa ndani ya ukuta. Jengo halitikisiki tena. Aliyepimwa hamalizi siku arobaini, anakufa, na roho yake inabaki mle kuwa jini la jengo, mlinzi wake. Kila mtu Drenovitsa anaijua habari hiyo, na kila mtu atakwambia ni mambo ya kale.

Kikundi kingine cha watu kingekata kipande chochote cha uzi, kikakifukia, watu wakapiga makofi wakaenda kula. Lakini hawa walikuwa chama cha historia. Mwaka uliotangulia waliigiza harusi ya kale, mtu akatia soda kwenye mtungi wa divai, na wageni wa chama cha mji wa jirani walicheka hadi machozi. Mwalimu Minchev, mwenyekiti, aliyefundisha historia maisha yake yote, hakulala vizuri tangu siku ile. Akaapa kwamba safari hii kila kitu kitakuwa cha kweli.

Nedyalko, fundi mwashi, alimsihi pembeni. Alisema tupime nguzo, au punda, nani atajua.

"Fundi," Mwalimu akamjibu, "sisi si kikundi cha maigizo. Uzi ni wa kivuli cha mtu au sherehe hakuna."

Basi likaja suala la nani atasimama. Jamani, mngewaona. Huyu mgongo unamuuma, huyu simu yake inaita, yule anakwenda kutazama nyama isiungue. Wageni wa mji wa jirani wakaanza kutabasamu. Zdravka akaona aibu kwa niaba ya chama chake, akamwita Yasen. Alijua atakuja. Mama yao alipokufa ni yeye aliyemlea. Yasen hakuoa, alikula mezani kwa dada yake hadi mvi zikamtoka, na katika maisha yake hakuwahi kumwambia hapana.

"Simama tu," akamwambia. "Ni mchezo."

Yasen akasimama, akavua na kofia. Zdravka mwenyewe akachuchumaa, akashika ncha ya uzi mwekundu kwenye visigino vya Yasen. Fundi akaunyoosha hadi pale kilipoishia kichwa cha kivuli, akaukata. Uzi ukawekwa kwenye pembe, chokaa ikamwagwa, jiwe likakaa. Watu walipiga makofi. Vikongwe wa pale walifanya ishara ya msalaba wakaondoka kabla ya chakula, na hao si watu wa kuacha chakula.

Baada ya siku ile ya kuni, Yasen hakukohoa tena. Mtu mwingine angeshukuru. Lakini kila Zdravka alipokaa kwenye meza ya chama, kikohozi kilikuwa mle ukutani, upande wa pembe, na pembe yenyewe ukiigusa ilikuwa na joto kama shavu. Yasen akawa anavaa sweta katikati ya joto kali la Julai. Chakula kikawa hakina ladha kwake. Alianza kusahau kumaliza sentensi, anaanza neno, anakutazama, anaacha. Zdravka alimpeleka mjini kwa daktari, wakatoa damu, wakapiga picha ya kifua, wakasema mtu huyu mzima kabisa na wakampa vidonge vya vitamini. Akashukuru, akajaribu kuamini.

Kisha mchana mmoja walitoka wote wawili kuchukua mkate, jua liko juu, nyuma kidogo ya vichwa vyao, na Zdravka alikuwa anatazama chini asijikwae kwenye mawe ya barabara, akaona kivuli chake mwenyewe kinatembea mbele yake, kifupi, kinene, na pembeni yake akaona kivuli cha mfuko wa mkate, mfuko peke yake, unaning'inia hewani unayumba huku na huku kwa mwendo wa mtu, wala mtu hakuwepo, na alipoinua macho Yasen alikuwa palepale ubavuni ameshika mfuko, anamtabasamia, akauliza mbona umesimama.

"Nimechoka kidogo," Zdravka akasema.

Alimfikisha nyumbani, akamfunika blanketi, kisha akaenda moja kwa moja kwa fundi Nedyalko. Fundi hakumwacha amalize. Alisema siku zote amekuwa akimsubiri aje, na kwamba hajui kama inasaidia, lakini ukuta ataufungua. Mwalimu Minchev alipoambiwa alianza na nyumba imesajiliwa, sijui wizara, sijui kibali.

"Mwalimu," Zdravka akamwambia kwa sauti ya chini, "ni ndugu yangu. Sina mwingine."

Mzee wa watu akaingia stoo akatoka na sururu yeye mwenyewe.

Walimleta pia bibi Rusalina, anayetoa watu hofu kwa madini ya risasi. Huyeyusha kipande cha risasi motoni, akakimwaga kwenye bakuli la maji juu ya kichwa cha mgonjwa, na risasi ikiganda hutazama imefanya umbo gani, akajua kilichomtisha mtu akakifukuza. Watoto wa Drenovitsa wote wamepita mikononi mwake. Wakamketisha Yasen kwenye kiti karibu na mlango wa nyumba ya chama, na blanketi lake, na mlango ukaachwa wazi jua liingie.

Bibi akamwaga risasi. Maji yalichemka, yakatulia. Risasi ilikuwa imeganda bapa, mraba, laini pande zote, kama tofali. Akaigeuza mkononi, akairudisha majini.

"Mwanangu," akamwambia Zdravka, "mimi natoa kitu kilichomwingia mtu. Hapa ni mtu ndiye aliyeingia kwenye kitu. Dawa yake sijafundishwa."

"Tutoe uzi," Zdravka akasema. "Tutoe tu huo uzi."

Fundi akachokonoa chokaa, akalegeza jiwe la pembeni, akalivuta. Nyuma yake ilikuwepo alama ya uzi kwenye chokaa, mfereji mwembamba uliojikunja, safi. Uzi haukuwemo. Walimulika kwa tochi, wakakwangua kwa kucha, hamna. Hewa ya joto ikatoka kwenye lile tundu, ikanuka tumbaku na jasho na kuni za msonobari, harufu ya Yasen akitoka kazini, harufu ambayo Yasen mwenyewe pale kitini hakuwa nayo tena, na Zdravka alikuwa bado hajajua afanye nini na jambo hilo wakati sauti ya mdogo wake ilipotoka mle ndani, karibu kabisa, bila haraka.

"Dada, rudisheni jiwe. Baridi inaingia."

Wote wakageuka kumtazama Yasen. Midomo yake ilikuwa imefumbwa. Alikuwa anautazama ukuta kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Fundi akasema huenda uzi umezama chini zaidi. Akagonga jiwe la pili kwa sururu, na Yasen akashika mbavu. Akagonga tena, polepole, kwa woga, na damu ikamtoka Yasen puani, ikashuka kwenye blanketi, na mle ukutani kitu kikaguna kwa sauti ileile ya Yasen alipokuwa mtoto, anafungwa jeraha na hataki kulia mbele ya dada yake. Sururu ikaanguka. Hakuna aliyeiokota.

Mwalimu Minchev alikuwa analia waziwazi. Alitoka uani, akasimama juani, mikono chini, akamwomba fundi achukue uzi mwingine ampime yeye. "Nipime, Nedyalko. Mimi ndiye niliyelazimisha. Badilisheni." Fundi akamwambia kwa upole kwamba nyumba haibadilishiwi, imeshampata wake.

"Sasa tufanyeje?" Zdravka akauliza. Akamtazama fundi, akamtazama bibi, akamtazama Mwalimu, watu ambao kwa miaka yote walikuwa na jibu la kila kitu cha kale.

Basi wakarudisha jiwe. Zdravka mwenyewe alishika karai la chokaa. Fundi alipolisawazisha kwa mwiko, pale kitini Yasen akapumua kwa raha, akasema sasa afadhali.

Hakukaa sana. Mchana mmoja aliomba atolewe nje, akae kwenye benchi. Zdravka akaingia kumchukulia sweta la pili, aliporudi ameshakwenda, kama neno la kwenda linafaa hapo. Alikuwa mwepesi hata jirani mmoja aliweza kumbeba. Zdravka aliandika tangazo la msiba lenye picha na mpaka mweusi, lile la kubandika mlangoni na kwenye nguzo za mtaa, kama alivyowaandikia wengine wengi. Neno "ametuacha" alilifuta, akaliandika, akalifuta. Mwishowe akaweka jina tu na mwaka.

Arobaini yake ilifanywa kwenye nyumba ya chama. Zdravka hakutaka, lakini ndiyo desturi ya mwanachama, na hakuwa na nguvu ya kubishana. Wanawake walichemsha ngano, wakaitia sukari na kokwa za jozi, wakawagawia watu kwenye vikombe vidogo. Mchana mweupe, madirisha wazi, watu wamejaa hadi uani, na hata chama cha mji wa jirani walikuja, safari hii bila tabasamu. Padri akamaliza sala. Ikabaki kazi ya katibu: kusoma majina ya wanachama wote waliotangulia, mmoja mmoja, na kila jina likisomwa waliopo hujibu kwa pamoja, "Mungu amsamehe."

Zdravka alisimama na kijarida chake. Alisoma wale wa zamani, watu wakaitikia. Akasoma Stoil, watu wakaitikia. Sauti yake ilikuwa nzima kabisa, na alijishangaa, na alipofika chini ya ukurasa akavuta pumzi, harufu ya chokaa mbichi ikamjaa kooni, akalisoma jina la mdogo wake.

"Mungu amsamehe," watu wakasema.

Ukutani, kwenye ile pembe, mtu akakohoa, akasafisha koo.

"Anisamehe nini, dada?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama alivyouliza kila kitu maishani mwake, akiamini dada yake anajua. Hapakuwa na aliyekimbia. Watu walisimama na vikombe vyao vya ngano mikononi, macho chini, wakamwachia Zdravka ajibu. Yeye, aliyemwambia simama tu, ni mchezo, alikuwa amefungua mdomo, na ukuta ukamsubiri.