Aliyewasha Swichi ya Ghorofa ya Tatu

Walikutana kwenye ngazi za jengo ambalo bado linajengwa, asubuhi, watu wamejaa kama siafu. Binti anapanda na bunda la waya begani, ovaroli la bluu linampwaya, kitambaa chekundu kichwani. Kijana wa vigae anashuka na ndoo mbili.

"Nipishe, kaka."

"Anayeshuka ndiye hupishwa, dada."

"Basi tulale hapa hapa."

Kijana akacheka, akarudi juu ngazi nzima kinyumenyume.

Binti yule alikuwa mwanagenzi wa umeme, mwezi wake wa tatu kazini: anajifunza huku analipwa. Akitimiza miezi sita, fundi mkuu angeamua kama anastahili mkataba. Mafundi walimwita Cheche. Haikupita wiki mbili, yule wa vigae akawa anamwita mpenzi.

"Cheche wangu, umekula?" humpigia mchana.

"Nimekula. Wewe bado una saruji masikioni?"

"Njoo uitoe."

Alhamisi moja Cheche alizima swichi ya ghorofa ya tatu, akabandika karatasi: USIWASHE, FUNDI YUKO KAZINI. Akapanda ngazi kuunga waya darini. Umeme ukamrusha hadi chini. Kiganja kikaungua, bega likateguka.

Fundi mkuu, mzee asiyepandisha sauti, alimfuata zahanati. "Ulifunga swichi kwa kufuli?"

"Niliweka karatasi, mzee."

"Karatasi hiyo haipo. Hukusahau kuzima?"

"Nilizima! Wallahi nilizima!"

"Jumatatu nitakupa jibu. Anayesahau swichi simpi mkataba, maana nitakuja kumzika."

Jioni mpenzi wake alikuja kumwona nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kiti, macho sakafuni.

"Mbona hunitazami?"

"Nimechoka tu. Umekula?"

Kesho yake, kwenye simu, akawa mtu wa maneno mawili. Cheche akashindwa kuvumilia. "Kama umepata mwingine mwenye mikono mizima, sema!"

"Si hivyo, mpenzi." Akakata.

Jumatatu Cheche aliingia ofisini, mkono umefungwa shingoni. Akamkuta kijana amesimama mbele ya fundi mkuu, shati limepigwa pasi, jasho linamtiririka.

"Ni mimi niliyewasha," alikuwa anasema. "Mashine ya kukatia vigae ilikosa umeme. Karatasi niliiona, nikadhani ni ya jana, nikaibandua."

Cheche alipiga meza kwa mkono mzima. "Siku nne! Siku nne naitwa mzembe, na wewe unaniuliza nimekula?"

"Niliogopa."

"Kufukuzwa?"

"Kukukosa."

"Ungenikosa kweli. Ungenibeba kwenye jeneza."

Kijana alifukuzwa kabla ya saa nne. Cheche alibakishwa, na fundi mkuu akamtupia kufuli. "Ufunguo mfukoni mwako. Usimwamini mtu, hata anayekupenda."

Simu za kijana ziliita wiki nzima, mwezi mzima. Hakupokea. Usiku alilia, asubuhi akafunga ovaroli na kwenda kazini. Kilichomuuma si umeme. Kilichomuuma ni kile kimya. Lakini kila alipokikasirikia, alikumbuka pia lile shati la Jumatatu: hakuna aliyemwona akiwasha, na hakuna aliyemlazimisha kusema.

Siku aliyosaini mkataba, alitoka nje ya geti, akapiga mwenyewe.

"Uko wapi?"

"Nabandika vigae vya choo, mtaa wa pili." Ndoo ikasikika ikiwekwa chini. "Cheche?"

"Nimesaini."

Upande wa pili mtu akavuta kamasi.

"Usilie, sijakusamehe yote."

"Najua."

"Ukinificha jambo tena, hata dogo, tumeachana."

"Sitakuficha."

"Jumapili uje nyumbani. Mama anataka kumwona aliyetaka kuniua."

"Nije na nini, mpenzi?"

Cheche alitazama kovu kiganjani, akavuta pumzi.

"Njoo na mjomba wako. Mambo ya posa mama hazungumzi na vijana."