Barua ya Bwana Rapp

Kila Jumatatu na Alhamisi, kengele ya mapumziko ikilia, Akoth alichukua mfuko wa turubai na ufunguo uliofungwa kwa kamba ya kiatu, akatoka mbio kwenda posta ya Nakuru. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na hakuna mwenzake wa darasa la sita aliyethubutu kumwomba amwachie. Barua zote za shule zilikuja kwa sanduku moja, namba 94: za mwalimu mkuu, za kanisa, na za mpishi, ambaye dada yake wa Elburgon alimwandikia mambo yale yale kila wiki.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limekauka nusu. Upepo wa mchana ulibeba vumbi jeupe la magadi kutoka huko ukalimwaga mjini, macho yakawasha, na uji ukawa na ladha ya sabuni. Watu walitembea wameinama. Tena ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Askari walisimama kwenye kona, na mtu mzima hakutoka nje bila karatasi zake.

Mbele ya lango la landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli alikokaa Akoth, palikuwa na fundi viatu aliyeitwa Mzee Thuo. Siku moja askari walimkuta na karatasi yenye jina la mtu mwingine. Alisema ameiokota barabarani, alitaka kuikata aiweke ndani ya kiatu kinachopwaya. Hakuna aliyemsikiliza. Walimpandisha lori. Stuli yake ilibaki palepale, kiatu kimoja juu yake, na mwenye kiatu aliogopa kuja kukichukua.

Mwalimu wa akina Akoth aliitwa Hezekiah arap Kosgei. Chuo kimoja cha Uingereza kilikuwa kimemkubali, lakini meli ingemfikisha huko wiki mbili kabla chuo hakijafunguliwa. Afisa wa pasi za kusafiria alimwambia wazi: alete barua ya hoteli itakayompokea wiki hizo mbili, kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe ishirini na saba. Bila barua, hakuna pasi, na nafasi itapewa mtu mwingine.

"Kazi iko hapo," Mwalimu aliwaambia wanafunzi wake. "Mwenye hoteli huko London akiona barua imetoka Kenya, anakumbuka habari mbaya alizosoma gazetini, anaiweka kando. Kwa hivyo nimeandika kwa hoteli tano. Nimeandika kwa ufupi, tarehe ya kufika na tarehe ya kuondoka. Na ndani ya kila barua nimeweka kuponi ya posta. Anaipeleka posta ya kwao, anapewa stempu bure. Sasa hawezi kusema amekosa stempu ya kunijibu."

Akoth ndiye aliyepewa muhuri wa shule azipige barua zile tano. Alipenda sana muhuri ule, mkubwa kama kifuniko cha kikombe, wino wake wa zambarau. Aliupiga mahali alipoona pana heshima kuliko pote, juu ya jina la Mwalimu.

Basi wakaanza kungoja. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Kila Akoth akirudi, Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, chaki mkononi.

"Kuna chochote?"

"Hakuna, mwalimu."

Jumatatu tarehe kumi na sita, ndani ya sanduku kulikuwa na bahasha nyembamba ya buluu. Stempu yake ilikuwa na kichwa cha Malkia, nyekundu, safi, haijachanika hata jino moja. Akoth alisimama akaitazama. Siku chache kabla, Njoki, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa amefungua kitabu chake cha stempu, akachungulia cha Akoth na kucheka.

"Twiga watatu na simba mmoja. Hicho si kitabu cha stempu, Akoth, hiyo ni mbuga ya wanyama. Ya ng'ambo huna hata moja?"

Akoth akasoma jina kwenye bahasha: Bwana H. A. Rapp. Shuleni hakukuwa na mtu wa jina hilo. Ni Mzungu fulani, alijiambia, barua yake imepotea njia. Alijua anachopaswa kufanya, kuirudisha dirishani kwa karani. Badala yake alienda nyuma ya ukuta wa posta, akatoa wembe wake wa kuchongea penseli, akakata ile kona yenye Malkia.

Alipoinua macho, askari wawili walikuwa wanakuja wakifuata barabara.

Walipita. Hawakumtazama hata. Barua ya Mzungu, imekatwa, iko mkononi mwake. Sasa angeirudishaje? Aliiingiza ndani ya gauni lake, na jioni akaificha nyumbani nyuma ya kalenda ya reli iliyoning'inia ukutani.

Tangu siku hiyo nyumba ile ya chumba kimoja ilikuwa ndogo zaidi. Baba yake, Obura, aliyefanya kazi stesheni, alikuwa na desturi ya kukata siku kwenye kalenda kwa penseli. Kila akibonyeza, karatasi nyuma ililia kr, kr. Akoth alikuwa akiacha kutafuna.

"Ukuta huu una panya," Baba alisema.

"Basi alipe kodi, analala na sisi bure," mama yake, Awuor, alijibu, akacheka. Akoth hakucheka. Ile stempu alikuwa bado hajaibandika kitabuni. Kila alipoitazama, ilikuwa kama Malkia anamwangalia yeye.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu aliandika barua ya sita.

"Muda umeisha, najua," alisema taratibu. "Lakini tujaribu. Akoth, piga muhuri."

Alichovya, akabonyeza palepale alipozoea. Alipoinua muhuri, mkono wake ulibaki hewani. Jina la Mwalimu liliandikwa H. Arap Kosgei. Wino wa zambarau ulikuwa umeimeza Kosgei yote. Kilichobaki kikisomeka kilikuwa H. Arap.

H. A. Rap. Bwana H. A. Rapp.

"Mbona umesimama?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna kitu, mwalimu."

Angeweza kusema pale pale. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini alikumbuka kona iliyokatwa, akakumbuka na stuli ya Mzee Thuo, akanyamaza. Jumanne alinyamaza. Jumatano Mwalimu alifundisha hesabu na kukosea mara mbili ubaoni, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alhamisi jioni Baba alirudi kutoka stesheni, akaketi bila kuvua kofia.

"Mwalimu wenu alikuja leo. Amemwambia karani amfutie nafasi ya treni ya Mombasa. Alisema, wale watu hawakunijibu, Obura, sasa nifanye nini." Akaenda kwenye kalenda, akabonyeza penseli. Kr.

Ijumaa asubuhi vumbi lilikuwa zito, jua likionekana kama sarafu chafu. Akoth alimkuta Mwalimu darasani peke yake. Aliweka bahasha juu ya meza, na stempu kando yake.

"Ni yako, mwalimu. Ilikuja siku kumi na moja zilizopita. Nilitaka stempu. Halafu nikaogopa."

Mwalimu Kosgei alisoma. Chumba kipo, wiki zote mbili, karibu sana Bwana Rapp. Akaikunja barua, na Akoth alitamani apigwe, yaishe.

"Chukua muhuri," Mwalimu alisema. "Na kidau cha wino. Twende."

Walifika ofisi ya pasi saa tano na nusu. Afisa Mzungu aliipindua bahasha kwa ncha ya kalamu, na karani wake, Wamalwa, akatafsiri maneno yake bila kuinua kichwa.

"Anauliza, Bwana Rapp ni nani. Anauliza umeitoa wapi barua ya mtu mwingine. Na nani ameikata."

Askari aliyekuwa mlangoni akasogea. Saa ya ukutani ilisikika.

"Mimi," Akoth alisema. "Mimi ndiye niliyeikata. Na hata hilo jina ni kosa langu. Naomba karatasi nionyeshe."

Wamalwa sasa aliinua kichwa. Alimpa karatasi. Akoth aliandika H. Arap Kosgei kama Mwalimu alivyoandika, akapiga muhuri juu yake, akamsukumia afisa. Afisa alisoma kilichobaki. Alisoma bahasha. Akarudi kwenye karatasi. Kisha pembe moja ya mdomo wake ikapanda, akasema maneno machache.

"Anasema, haya basi, Bwana Rapp," Wamalwa alitafsiri. "Leta picha mbili za pasi."

Nje, Mwalimu alisimama kwanza afute miwani yake.

"Sikiliza, Akoth. Kukata bahasha lilikuwa kosa la dakika moja. Ungekuja siku ile ile ningekukaripia, tungemaliza. Ni zile siku kumi na moja za kunyamaza ndizo zilizotaka kunimaliza mimi. Ukikosea, njoo na kosa lako likiwa bado dogo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Mwalimu alirudishiwa nafasi yake ya treni, akasafiri. Mwezi wa kumi, sanduku 94 lilikuwa na bahasha ya buluu. Jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, mbali kabisa na stempu: AKOTH OBURA. Aliisoma akiwa amesimama pale pale posta.

"Kule hotelini waliniita Bwana Rapp mpaka siku ya kuondoka," Mwalimu aliandika. "Nilichoka kuwasahihisha, hata nikiitwa kunywa chai nilikuwa naitikia jina hilo. Stempu ya barua hii ni yako. Ile nyingine ilikuwa yangu."

Jioni Akoth alirudi nyumbani polepole. Langoni mwa landhi, stuli ya Mzee Thuo bado ilikuwa pale, imekuwa nyeupe kwa magadi, na kile kiatu juu yake. Alisimama akapangusa vumbi kwa mkono, kiatu kwanza, halafu stuli, kisha akaingia ndani.