Upande wa Twalib

Jumamosi ile Editha aliamka kama siku zote, akachemsha chai, akafua sare za shule za wanawe, kisha akachukua ufunguo wa banda la marehemu baba yake. Hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa na ufagio, viroba vitatu, na ahadi ya fundi ujenzi kwamba mchana angekuja kupima eneo la vyumba viwili vya kupangisha.

Wakazi wa zamani wa Tabata wanalikumbuka banda lile. Mzee Polikarpo, baba yake Editha, alitokea Masasi. Mwenzake, mzee Twalib, alitokea Kilwa. Walikutana ujanani, wakasimamisha mabati nyuma ya nyumba zao, wakafua visu na mikasi kwa miaka zaidi ya thelathini. Chuma chao kilikuwa springi za magari mabovu. Visu kila mmoja alifua vyake, lakini mkasi waliufua wawili: Polikarpo upande wa kushoto, Twalib upande wa kulia, halafu wanauunganisha kwa msumari mmoja katikati. Mafundi cherehani walitoka hata Mbagala kuifuata mikasi yao, wakisema mikasi ya dukani inatafuna kitambaa tu. Hata ile ya bei rahisi ilipojaa kila kona ya mji, wazee wale hawakuacha.

Mwaka juzi, asubuhi kweupe, Twalib alianguka mbele ya moto, nyundo mkononi, upande wake wa mkasi haujakamilika. Alizikwa jioni ileile. Polikarpo akalifunga banda, na hakulifungua tena mpaka naye alipofariki mwezi wa nne mwaka huu. Akiwa kitandani alimwambia bintiye, "Usiingie mle peke yako." Editha, mwalimu wa shule ya msingi huko Kinyerezi, alidhani mzee anahofia vyuma vyenye makali.

Uani alimkuta bi Mauwa, mjane wa Twalib, akianika nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unafungua leo?"

"Leoleo. Nikiahirisha tena sitafanya."

Mauwa alilitupia banda jicho. Akainama, akachukua kanga kwenye beseni.

Ndani ya banda vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu: tupa, koleo, mvukuto wa ngozi uliokauka na kupasuka. Juu ya fuawe, chuma cha kufulia, palikuwa na pande mbili za mkasi, mmoja umekamilika, mwingine kipande cha chuma kisicho na makali wala tundu la kidole. Pande zile mbili tu ndizo hazikuwa na vumbi.

Mlango ukajifunga.

Alidhani ni upepo. Akasukuma. Akasukuma kwa bega. Bati halikutoa hata mlio. Akaweka jicho kwenye tundu la msumari, akamwona Mauwa, hatua kumi tu, ameinua kanga kuelekea kwenye kamba.

"Mama! Nifungulie!"

Mauwa hakugeuka. Kanga haikupepea. Kwenye pindo lake lilining'inia tone la maji. Halikudondoka.

Akatoa simu. Ikamponyoka, ikaangukia kwenye jivu la zamani. Alipoinama kuiokota, jivu lilikuwa jekundu.

Nyuma yake mvukuto ulivuta pumzi.

Ile ngozi kavu ilipanda. Ikashuka. Ikapanda. Hapakuwa na mtu aliyeishika. Editha akagundua kuwa kifua chake kinapanda na kushuka pamoja nayo. Kisha mvukuto ukasimama, na pumzi yake ikasimama.

Alijaribu kuvuta hewa. Hakuna. Akapiga bati kwa ngumi. Macho yakaanza kuingia giza. Karibu kabisa na sikio, sauti ya mtu asiye na haraka ikanong'ona:

"Shika."

Mkono wake ukaenda kwenye nyundo. Alipoishika, hewa ikarudi.

Hivyo ndivyo alivyofungwa. Akiiweka nyundo chini, pumzi inakatika. Akipiga, anapumua. "Geuza," sauti ilisema, naye akageuza chuma kwa koleo. "Taratibu." Editha alikuwa hajawahi kufua hata msumari maishani mwake. Alilia. Alisali. Alipokosea, sauti ilisubiri. Mwali wa jua uliopenya kwenye tundu ulilala sakafuni pale pale, haukusogea hata unywele. Malengelenge yalitoka kiganjani, yakapasuka, yakakauka, yakawa sugu, na alipiga. Alisahau majina ya wanafunzi wake. Alipiga. Akasahau, kwa muda, jina la mwanawe mdogo.

Mwishowe chuma kikapata makali. Tundu la kidole likawa duara. Akapigilia msumari wa katikati, mkasi ukafunguka, ukafunga.

"Mkono," sauti ikanong'ona.

Alidhani anaagwa. Akaunyoosha wa kulia. Kitu kikaushika, kiganja kwa kiganja, kikavu, cha moto. Kilichelewa kuuachia.

Mlango ukafunguka. Kwenye pindo la kanga tone likadondoka.

"Umesahau nini?" Mauwa aliuliza. "Si sasa hivi tu umeingia?"

Editha alisimama kizingitini. Mauwa akamfuata, akamshika mkono ili kumtuliza. Kidole gumba chake kilikwenda chenyewe kwenye kovu la kuungua chini ya kidole cha shahada cha Editha, kovu ambalo asubuhi halikuwepo. Alilipapasa bila kulitazama. Hakuuachia mkono ule mpaka fundi alipopiga hodi mchana, na fundi mwenyewe wakamrudisha.

Jumatatu chaki zilivunjika vidoleni mwa Editha, moja baada ya nyingine, darasa zima likimtazama. Jumatano alikwenda kurudisha laini ya simu yake iliyoungua. Mauwa aling'ang'ania kumsindikiza. Kwenye kibanda cha wakala alikuwepo binti aitwaye Gladness, mwenye mashine ya alama za vidole.

"Weka gumba, dada. Mh, hazilingani. Weka kingine."

Vidole vitano vya kulia vilikataliwa. Cha kwanza cha kushoto kikakubali papo hapo.

"Mashine ina ishu hii," Gladness alisema. "Laini yako tayari lakini."

Mauwa akafungua mkoba, akatoa kitambulisho cha marehemu mumewe. "Jaribu na namba hii. Ule mkono wa kulia."

"Mama, hiyo si ya kwake."

"Jaribu tu, mwanangu."

Gladness akaguna, akaandika. Editha alitaka kuuvuta mkono. Haukuvutika. Gumba likajilaza lenyewe juu ya kioo, na mashine ikatoa mlio mfupi. Gladness alitazama skrini. Akamtazama Editha. Akasogeza kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Imekubali," alinong'ona.

Mauwa akauchukua mkono ule kwa viganja vyake viwili.

"Twende nyumbani," alisema, na wala hakuwa akimtazama Editha.

Vidole, bila Editha kuviambia, vikajikunja taratibu, vikamshika.